Kipimo cha Kurudi

Jumatatu, 3 Machi

Aibu kwako, mama. Tangu Krismasi hujafungua daftari hili. Kalamu imekauka mpaka nimeitia mate. Ulilia kule kanisani wakufundishe herufi, na uzee huu wote, wakakufundisha, kisha ukaziacha zioze kama viazi vya chini ya kitanda. Unafikiri nani atakukumbusha mambo yako? Mimi naandika, wewe utasoma, na sisi wawili ni mtu mmoja. Basi keti. Tuseme ukweli.

Nimepalilia maharage. Mvua imeanza vizuri. Mgongo unauma lakini mgongo si habari.

Neema yuko sawa wiki hii. Naandika kwa woga. Neema ni kitinda mimba wangu, sasa mtu mzima mwenye mtoto wake, Aline. Tulipokimbia Fizi, kule Congo, bwana yake alibaki njiani. Waliokuwa nyuma yetu walimwona ameanguka. Hatukurudi, hatukumzika. Hapo ndipo ugonjwa wote ulipo. Neema anasema mtu asiyezikwa hajafa, anangoja. Alikaa muda mrefu hapa kambini Nakivale, Uganda, bila kusema neno, macho yanatazama barabara. Sasa kila Alhamisi anaenda kwenye kikundi cha wamama chini ya turubai. Kila mwezi gari la shirika linawapeleka Mbarara kwa daktari wa kichwa. Anapewa dawa. Dawa zinamshika.

Jana ameimba akisonga ugali. Sauti yake mbaya, hata akiwa mdogo ilikuwa mbaya. Nimetoka nje nikalia karibu na kuku.

Jumatano, 5 Machi

Mwenyekiti wa kijiji amepita na kipaza sauti. Kesho wanakuja watu wa vipimo, kila mtu mzima asitoke nyumbani. Tukauliza wanapima nini. Damu? Uzito? Hapana. Wanapima nguvu ya roho.

Goreti, jirani yangu Mrundi, alikuwa na bidoni ya maji kichwani. Hakuitua.

"Roho yangu wataipima na mizani gani? Ile ya muuza nyama wa Rwekubo? Ile mizani inaiba!"

Tumecheka pale bombani mpaka maji yakamwagika. Lakini kicheko kikaisha. Mmoja akasema watakaokutwa na nguvu watakatiwa chakula. Mwingine akasema hapana, ni mambo ya kuturudisha kwetu, wanatafuta nani yuko tayari. Hapo kila mtu akashika bidoni yake. Hilo neno hapa halichezewi. Ukitamka kurudi mbele ya watu wa shirika, wamama wanashika watoto.

Tumekubaliana bila kukubaliana. Kila mtu ajue la kusema.

Alhamisi, 6 Machi

Wamekuja. Kwetu ameingia kijana mmoja anaitwa Brian, Munyankole, mwenyeji wa huku. Kwao ni Bwizibwera, baba yake anauza maziwa, hayo ameniambia mwenyewe kabla hata ya kukaa. Mtoto mwenye adabu. Amepiga goti kidogo kunisalimu, ananiita kaaka, ndio bibi kwa lugha yao. Nimempa kigoda kizuri. Kiswahili chake ni kile cha askari na cha sokoni.

"Kaaka, mimi nauliza, wewe najibu. Hapana ogopa."

Ana kile kioo cha kushika mkononi. Kwenye kioo kuna picha ya vikombe vitano. Cha kwanza kitupu, cha mwisho kimejaa. Anakusomea swali, unaweka kidole kwenye kikombe chako. Kama jambo ni la kweli kwako kabisa, kilichojaa. Kama si la kweli, kitupu. Goreti alikuwa ametoka kupimwa, akaingiza kichwa dirishani: "Vikombe vitano na chai hakuna!" Brian alicheka. Namtakia huyo mtoto mke mwema.

Ameuliza kama ninalala vizuri. Nimesema nalala kama mtu mwenye paa linalovuja. Akatafuta kikombe chake.

Ameuliza kama nina mtu wa kunisaidia. Nina Goreti, nikaweka kidole katikati, maana Goreti anasaidia huku anatukana.

Kisha: "Kama wewe napata shida kubwa, unarudi haraka?"

Nikaondoa kidole kwenye kioo.

"Kurudi wapi?"

"Kurudi tu, kaaka. Shida nakuja, nakupiga, alafu wewe unarudi. Haraka ama pole pole?"

"Sirudi! Si haraka, si polepole. Andika hivyo."

Nimekigandamiza kidole kwenye kikombe kitupu mpaka kioo kikalia. Na maswali ya jinsi hiyo yalikuwa mengine tena, kurudi, kurudi, kila mara kwa mlango mwingine. Kitupu. Kitupu. Simfichi mtu: niliona fahari. Mtego nimeuruka.

Neema alipimwa baada yangu, peke yake, ndivyo sheria yao. Ametoka uso umefunguka kama siku ya harusi. Sijui wamesema nini humo. Nimefurahi.

Jumatatu, 17 Machi

Nina hasira. Herufi zinaanguka.

Amekuja Dorika, mama wa kwetu anayeongoza kikundi cha Alhamisi. Amekuja na matokeo, amefurahi, ameleta na wamama wawili wa kupiga makofi. Mimi nimekutwa roho dhaifu. Goreti dhaifu. Karibu kijiji kizima dhaifu, tunaitwa sasa kwenye kikundi, kwa zamu. Na Neema? Neema amepita wote. Roho yenye nguvu kuliko zote hapa. Amefuzu. Anaachia fasi yake wengine wenye shida. Kikundi basi. Gari la Mbarara basi.

Wakapiga makofi. Neema naye akapiga, hajui anapigiwa nini.

Nimesema: "Dorika, unamjua huyu. Wewe mwenyewe ulimshika siku ile anataka kuingia ziwani."

Dorika akatazama chini. "Mama, si mimi. Ni hesabu ya ile mashini."

Walipoondoka nimemketisha Neema. Nimemuuliza polepole alijibu nini.

"Baliniuliza kama narudi mbio. Nikasema mbio sana, hata leo. Baliniuliza kama kuna kitu mbele nakitumainia. Nikasema bwana yangu ananingojea. Baliniuliza kama naamini mambo itatengenezeka." Akanionyesha kidole chake. "Kikombe kilikuwa kidogo, mama. Ningeweka kikubwa."

Ndiyo hiyo nguvu ya roho waliyopigia makofi. Ni ugonjwa wake wenyewe, wameupima wakauita afya. Na sisi tulioamka kila asubuhi tukalima udongo wa watu, tumeogopa neno moja, tumekuwa wagonjwa.

Nimeelewa sasa Brian alitaka kuuliza nini. Shida ikikuangusha, unainuka? Angesema hivyo tu. Kuinuka. Hata mtoto wa kunyonya angelijua. Mahali hapa hakuna mtu anayesikia kurudi akafikiria roho. Anafikiria barabara.

Sikupika. Aline amekula kwa Goreti.

Alhamisi, 20 Machi

Gari limeenda Mbarara bila Neema. Alikuwa amevaa kitenge kizuri, amesimama pale linaposimama. Wakamwambia jina lako halimo, wewe ni mzima. Akawashukuru.

Akawashukuru!

Dawa zimebaki kidogo. Mimi nimewachukia wote leo. Shofere, Dorika, wenye vioo. Hata Mungu nimemwambia anisamehe kesho, leo sina nafasi.

Jumatano, 26 Machi

Dawa zimekwisha. Halali. Anafagia uwanja, anamaliza, anaanza tena. Amepanga sufuria zetu zote mlangoni kama mtu anayehama.

Sikuenda shambani. Palizi ingoje.

Ijumaa, 28 Machi

Leo mchana nilienda nyuma ya nyumba kwa haja yangu. Kutoka, hayupo. Aline amekaa peke yake anakula karanga, anasema mama ameenda kumchukua papa.

Nimepiga kelele mpaka sauti ikakatika. Goreti alikimbia upande wa ziwa, mimi upande wa barabara, bila viatu. Mwenye boda mmoja, Musomali wa pale madukani, alinipandisha bila kuuliza chochote. Mungu ampe watoto wengi.

Tumemkuta Rwekubo, kwenye kituo cha takisi. Ana mfuko, ana sufuria kubwa kichwani, anauliza kila gari kama linafika Fizi. Kondakta mmoja alikuwa amemketisha kwenye benchi, amemnunulia soda, anamwambia lile la Fizi linakuja, ngoja hapa mama, linakuja. Alimdanganya ili asipande jingine. Uongo mzuri kuliko wote niliosikia mwaka huu.

Nilitaka kumpiga Neema. Mkono ulikwenda juu kabisa. Kisha nimemkumbatia, sufuria na vyote, mpaka akasema namuumiza.

Barabarani alinieleza kwa utulivu sana: "Mama, balisema niko na nguvu. Sasa mbona nisiende?"

Nikamvua sufuria kichwani, nikaibeba mimi.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeenda Mbarara. Goreti amebaki na Neema, amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha kuziba njia. Amesema akitoka atapita juu ya maiti ya Mrundi mnene.

Ofisi ya watu wa vipimo iko ghorofani. Nimeingia nikakuta mwanamke amevaa suti, nimemfokea palepale. Nimemwambia yote. Kwamba ameua mtoto wangu kwa vikombe. Kwamba mama yake angemwona angeona haya. Amesikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika mkoba. Kumbe yeye amekuja kuuza bima. Si wa pale. Nimeomba radhi. Akanipa kitambaa cha kujifuta uso na kadi yake ya bima. Hapo nilicheka, sikuweza kujizuia.

Brian akatokea. "Kaaka! Nani nakuleta?" Akaniletea maziwa ya moto, ya kwao bila shaka. Nimemwonyesha. Nimesimama katikati ya ofisi nikamwambia: nikisema kwa mkimbizi kurudi, anaona nini? Nimeonyesha kwa mkono upande wa Congo. Nikasema: Neema alikujibu safari, wewe ukaandika roho. Nimeona linaingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu. Akaweka mikono kichwani. Akaenda kumwambia mkubwa wake kwa lugha yao, haraka haraka, mkubwa akaja.

Mwanamke mpole. Nilitaka awe mbaya, hakuwa. Amenieleza. Kipimo hiki kimetumika fasi mingi, nchi mingi, ni kizuri. Neno watalitazama. Watalibadilisha kabla ya kwenda kambi ingine. Lakini majibu ya Nakivale yamekwisha kutumwa juu, hayafunguki. Watapima tena baada ya mavuno.

"Baada ya mavuno mtoto wangu atakuwa wapi?"

Akasema anasikitika sana. Ni kweli alisikitika. Macho yalikuwa na maji. Nina uchungu zaidi kwa sababu hiyo. Mtu mbaya unamlaani unaenda nyumbani. Huyu utamfanya nini?

Akanishika mkono. "Lakini wewe, mama, nafasi yako ipo. Kikundi na gari. Usikose."

Hakuna aliyeniuliza neno gani lingefaa. Ningewapa bure.

Brian amenisindikiza hadi kwenye takisi. Mwisho akasema, "Kaaka, mimi nauliza watu mingi sana hiyo swali." Nikamwambia najua. Nikamwambia aende akale. Alikuwa amepauka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nafasi yangu ipo. Nimelirudia hilo njia yote tangu Mbarara, na siku zote hizi, mpaka likageuka.

Leo nimemvalisha Neema kitenge changu, nimemshika mkono, nimempeleka chini ya turubai. Wamama walikuwa wamekaa mviringo. Dorika akaniona, akamwona Neema, akafumba kitabu.

"Mama Neema, huyu hayumo."

"Mimi nimo?"

"Wewe umo."

"Basi nimekuja. Huyu ndiye mimi. Nimechoka, nimemtuma anikalie."

Goreti, ambaye naye ni dhaifu kwa hesabu ya mashini, akasogea kwenye mkeka. Akapiga fasi iliyobaki kwa kiganja kama unavyoita mtoto. Neema akaketi.

Dorika ana watoto wake, ana kazi ambayo hapa ni bahati kuipata. Nilimwona anayapima hayo yote. Nilijua akikataa sitamlaumu, na nilijua pia nitamlaumu mpaka kufa. Akafungua kitabu. Akasoma majina. Alipofika kwangu alisita, akalisoma jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani.

"Niko," akasema Neema.

Nimekaa nje juani nimewangoja. Sikusikia wanasema nini. Si langu.

Jumatatu, 7 Aprili

Gari la mwezi huu wa nne. Tumewahi. Shofere anaita jina langu, Neema anapanda. Shofere akamtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Huyu ndiye bibi wa miaka sabini?"

Goreti akapaza sauti kutoka nyuma ya foleni: "Ni hewa ya Nakivale, baba! Na wewe kaa hapa kidogo, upara utaota nywele!"

Watu wakavunjika mbavu. Shofere akapiga mkono hewani, akafunga mlango na Neema ndani. Kule hospitali atasema jina lake mwenyewe, faili lake liko huko bado. Daktari anamjua kwa uso. Mlango wa gari tu ndio uliohitaji jina la bibi.

Amekuja jioni na dawa. Nimezihesabu mbele yake, kisha nimeona haya, nikampa azishike mwenyewe.

Nimetumia uongo. Naandika wazi. Nitamwambia padri wa Goreti na mchungaji wangu wote wawili, wakitaka. Sina majuto hata ya kutosha kijiko.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua asubuhi, kisha jua. Tumetoka kanisani mapema kwa sababu Aline alisinzia.

Neema amelala usiku huu wote. Ametwanga sombe ya majani ya muhogo, hakuitia chumvi, nimekula bila kusema. Mikono yake inatetemeka, daktari alisema itakuwa hivyo mwanzoni. Ameongeza unene kidogo wa shavu. Au natamani tu kuuona.

Kanisani wanamsalimu Neema wa Nguvu. Habari ya vipimo ilifika kila nyumba. Wengine wanamwonea wivu. Wengine wameanza kunisikitikia mimi, wananiletea ndizi, roho dhaifu, maskini bibi. Ndizi nimezila. Sitawasahihisha. Kwenye vitabu vya Mbarara atabaki hivyo, mwenye nguvu kupita wote, na mimi mgonjwa ninayepanda gari kila mwezi na kupata nafuu. Watafurahi wakipima tena. Watasema kikundi kimenisaidia sana.

Nimechoka. Hilo nalo liwe wazi hapa, maana hakuna kikombe chake. Si dhaifu. Nimechoka. Nina uchungu na watu wazuri, na uchungu huo hauna pa kwenda. Kila asubuhi naamka kwa sababu Aline anataka uji, nikishauchemsha nakuta nimeshaamka.

Mchana tumekaa mlangoni. Neema alikuwa anamsuka Aline. Akatazama barabara muda mrefu. Nikajikaza nisimshike. Akasema, si kwangu, kama mtu anayepanga kazi ya kesho:

"Atangojea kidogo."

Kisha akaendelea kusuka.

Ukifungua daftari hili tena, mama, na usikae tena mpaka kalamu ikauke, usiandike kwamba amepona. Wala usiandike kwamba ana nguvu. Andika amekula nini. Andika kama alilala ndani au asubuhi ilimkuta uwanjani. Basi. Funga, uende ukae naye.